Mimi Ndiye Ninayeijua Gotland

Jumatatu, 9 Juni. Kilburn.

Daftari hili nimepewa na Dinah, binti yangu, niandike presha. Daktari anataka kujua kila siku imepanda au imeshuka. Leo imepanda. Sababu ninaijua bila daktari. Inaitwa Placida.

Mbele za watu namwita Mama Collins, kwa heshima zote. Humu ndani ni Placida.

Jana mkutano wa akina mama, kanisani Lewisham, wa mwisho kabla ya safari. Mimi ndiye mwenyekiti, mwaka wa tisa huu. Nimetoka Kilburn asubuhi na mapema, treni ya chini mpaka Canary Wharf, halafu ile nyingine isiyo na dereva ambayo siiamini mpaka leo. Nimefika wa kwanza. Nimefungua mlango, nimepanga viti. Placida amekuja viti vimeshapangwa, amekaa.

Tulipofika kwenye suala la kutafuta mtu wa kututembeza huko Gotland, kile kisiwa cha Uswidi, Placida akasimama. Akarekebisha kilemba. Akasema, kwa kile Kiswahili chake cha Tanzania kilichopigwa pasi, kwamba ya nini kutafuta mgeni wakati tunaye Mama Naftali, yaani mimi, ambaye Gotland ni kama sebuleni kwake. Miaka kumi na moja tunasikia habari za kisiwa hicho. Sasa atuonyeshe kwa macho. Makofi. Shiku, katibu wetu, akaandika kwenye kumbukumbu kabla sijafungua mdomo.

Ukweli niuandike mara moja, nisiurudie. Gotland sijakanyaga.

Miaka kumi na moja iliyopita mwanangu Naftali, aliyeko Uswidi, alipata pacha. Mkewe anafanya kazi hospitali, yeye anaendesha basi. Wakaniita niwatembelee. Kutembea! Miezi sita. Nepi, uji, chupa, lifti, chumba cha kufulia kule chini, lifti, nepi. Dirishani naona ukuta wa jengo la pili. Siku niliyofika mbali zaidi ni siku niliyopeleka takataka ng'ambo ya barabara. Jikoni kwao kulikuwa na kalenda ya hicho kisiwa, Gotland. Picha kumi na mbili. Nikikoroga uji naitazama. Pacha wakilala naifunua mbele, naifunua nyuma.

Nikarudi Landani. Akina mama wakaniuliza, enhe, huko Uswidi umeona nini. Ningesema nini? Nimeona mashine ya kufulia? Kila mmoja pale ana mama au shangazi aliyeitwa ng'ambo kulea wajukuu, na wote wakirudi wanasema wametembea. Nikasema nimeona Gotland. Ukuta, makanisa, farasi, mawe. Nilisimulia vizuri. Ndiyo maana walinipa kiti.

Sasa uchaguzi ni Jumapili ya tarehe 22, siku sita tu baada ya kurudi. Placida anakitaka kiti changu. Nikikamatwa kisiwani, kimekwenda.

Dinah anasema niwaambie ukweli mapema, watacheka, yataisha. Nimemwambia sikupanda ndege kutoka Wundanyi mpaka Landani ili nije kuchekwa.


Jumanne, 10 Juni.

Presha sijapima. Kile kifaa kinanichongea.

Mpango wa kwanza: kuipata kalenda. Nimempigia Naftali. Anasema walishaitupa, kalenda ya mwaka uliopita ni ya nini, mama. Wasomi ndivyo walivyo. Kitu kikishaonyesha tarehe, wanadhani kazi yake imekwisha.

Halafu akasikia kwamba tunapita kwao kwenda Gotland. Akafurahi kupita kiasi. Eti atachukua likizo, atatusubiri bandarini pamoja na pacha, awasalimie akina mama wote. Naftali ana ugonjwa mmoja alioutoa kwa baba yake: hajui kunyamaza na ukweli. Angenimaliza palepale, tena akicheka. Nikamwambia tunapita Jumatatu, tarehe 16. Akaandika. Kweli tunapita Alhamisi. Jumatatu tutakuwa tunarudi, tumeshamaliza, na bandari ni kubwa, atatutafuta mlango huu sisi tunatokea ule.

Dinah alikuwa anafunga vifungo vya sare ya kazi, akaniuliza kwani yeye Naftali amekosa nini. Nimemwambia awahi zamu yake.

Mpango wa pili: kichwa changu. Nimekaa na kalamu nikaiandika kalenda upya. Januari ni ukuta wenye theluji. Februari kanisa lenye nguzo ndefu. Machi sikumbuki, Machi pacha waliumwa matumbo. Aprili farasi, wakubwa, weusi. Julai sanamu za mawe ufukweni. Septemba kondoo. Desemba keki ya njano. Mingine nimeijaza kwa akili. Darasa la nne nilimaliza wa kwanza, wasisahau.


Alhamisi, 12 Juni. Visby.

Tumefika. Kumi na wanne tulitoka, kumi na wanne tumefika. Hilo Placida hatalisema popote.

Ndege, basi, halafu meli saa tatu na zaidi. Bridget, muuguzi wetu, mtu mwenye mwili na huruma ya kutosha familia mbili, alibeba chapati za watu wote. Nilikuwa nakula yangu kwa amani, Placida akaja kukaa kando yangu. Mama Naftali, kisiwa kitaanza kuonekana upande gani? Kulia, nikasema. Kikaonekana kushoto. Nikasema meli imegeuka. Akainuka, akaenda kumuuliza baharia kama meli imegeuka. Baharia akamwambia meli hugeuka kila mara. Asante, baharia.

Kuna jambo lazima niliandike. Ukuta upo. Nimeuona kutoka bandarini, mrefu, wa kijivu, na minara yake, kama Januari ila hauna theluji. Nikasema kwa sauti: uko vilevile. Na huo haukuwa uongo.

Mitaani kuna kondoo wa saruji, wamewekwa kuzuia magari. Wenzangu wakauliza ni wa nini. Nikasema ni ukumbusho wa kondoo mmoja shujaa. Shujaa wa vita gani, akauliza Placida. Nikamwambia Waswidi hawapendi kuulizwa. Bridget akampapasa yule kondoo kichwani, akampa pole.


Ijumaa, 13 Juni.

Mvua.

Leo ilikuwa zamu ya Februari. Kati ya yote niliyosifia miaka hii kumi na moja, lile kanisa nililisifia kuliko vyote. Nguzo, madirisha marefu, utulivu. Nilishawahi hata kusimama katika ibada nikashuhudia kwamba siku moja mvua ilinikuta Visby, nikajikinga humo, nikaomba, nikatoka mkavu. Watu walisema amina.

Tumeingia. Nguzo zipo. Madirisha yapo. Paa hakuna.

Si kwamba limetoboka. Halipo. Juu ya madhabahu ni mbingu tupu. Picha ya kalenda iliishia kwenye nguzo, ningejuaje? Chini nyasi zimeota, na sisi kumi na wanne tumesimama na miavuli ndani ya kanisa, tunatazamana.

Shiku ndiye aliyeuliza. Hana ubaya maskini, anataka tu kumbukumbu zikae sawa. Mama Naftali, si hapa ndipo ulipojikinga mvua? Nikasema ndipo, na paa lilikuwepo. Sasa limekwenda wapi? Nikasema hiyo ndiyo habari mbaya ninayoipata leo pamoja nanyi. Upepo, au wezi wa mabati. Nikatikisa kichwa. Nikavua miwani, nikaifuta.

Hapo nilikuwa nimeshajiokoa. Ila nilimsahau Bridget. Bridget hawezi kuona kanisa lisilo na paa akapita. Na kusema haki, hakuna mmoja wetu anayeweza. Sote tumekulia katika makanisa yaliyoezekwa kwa harambee, bati moja moja, mwaka huu upande wa wanawake, mwakani upande wa wanaume. Machozi yakamtoka. Ndugu zetu wanasali kwenye mvua na hawajamwambia mtu! Wamestahimili tu! Akafungua leso kiunoni, akaitandika juu ya jiwe, akaanza wimbo. Kabla sijameza mate tuna kamati ya paa. Mwenyekiti ni mimi. Ningekataa kwa neno gani?

Nikapanda juu ya jiwe nikahutubia. Nilihutubia vizuri, acha nijisifu. Nilisema akina mama wa Lewisham hawatapumzika mpaka nyumba hii ifunikwe. Tukaizunguka leso kwa wimbo, kama nyumbani, mwenye kutoa anakwenda akicheza, anatoa, anarudi akicheza. Watalii wakasogea na makoti yao ya mvua. Wakapiga picha. Mzee mmoja akaingia kwenye mstari, akacheza vibaya sana, akatupa sarafu. Wenzake wakamfuata. Harambee ilikuwa imeshika moto.

Akaja dada mmoja mwenye beji, mwangalizi wa magofu. Akauliza kwa Kiingereza, kwa upole, kuna nini. Shiku akamweleza kwamba tunachangia paa. Yule dada akatazama juu. Akatutazama sisi, leso, yule mzee. Akasema paa hilo liliporomoka mamia ya miaka iliyopita. Akasema wanalitunza gofu hivyohivyo lilivyo, kwa makusudi, na hakuna anayetaka kulirudisha. Ila ameshukuru sana. Alikuwa mtu anayetaka kucheka au kulia, akachagua kushukuru. Akatuonyesha sanduku la kutunza magofu, leso yote ikamiminwa humo.

Vichwa kumi na vitatu vikanigeukia.

Mamia ya miaka, akasema Placida, polepole, kama mtu anayelamba kijiko.

Nikawaambia wanisikilize vizuri. Nilisema nilijikinga mvua humu ndani. Ni nani aliyenisikia nikisema nilijikinga kwa paa? Nilikuwa na mwavuli. Hilo paa nililiona kwa macho ya imani. Bridget akasema amina. Placida akauliza huo mwavuli ulikuwa wa rangi gani.

Kahawia, nikasema. Shiku akaandika.


Jumamosi, 14 Juni.

Jua. Bridget amenipima presha kwa nguvu. Haifai kuandikwa.

Leo tumevuka kwenda kisiwa kidogo cha kaskazini, Fårö. Julai. Hapa ndipo niliwaambia kuna sanamu za wafalme wao wa kale zilizochongwa na mafundi stadi. Tumefika ufukweni, zipo, zimejipanga. Na kuna ubao. Shiku hawezi kupita ubao bila kuusoma kwa sauti. Ubao unasema hakuna fundi. Ni mwamba, bahari ililamba pale palipo laini, pagumu pakabaki.

Nikasema ndiyo, bahari ilichonga, wafalme waliidhinisha.

Hawakupiga makofi. Mimi sikujali sana, kwa sababu nilikuwa natazama. Kalenda ilikuwa imewapunguza. Ni wakubwa wale, wengine wameshinda nyumba. Wamesimama kama wazee waliokataa kukaribishwa kiti. Wamepigwa na maji miaka yote hiyo na bado wako pale na sura mbaya. Nimewapenda.

Njiani tukawaona farasi. Niliwahi kusema ni wakubwa kama lori. Wananifika kifuani. Nikasema hawa ni watoto. Mmoja wao akawa ananyonyesha.

Mkahawani Placida akaniagizia keki ya njano, akalipa mwenyewe, akakaa mbele yangu akisubiri. Niliwahi kusema ina ladha ya limau. Kumbe ni wali. Wali wa maziwa na zafarani, umeokwa ukawa keki, umewekewa jamu. Nikatafuna. Limau liko wapi, akauliza. Nikasema wamebadilisha mpishi.

Nimeona wengine wakiinamisha nyuso kwenye vikombe. Wanacheka. Nimewahesabu wanaocheka. Wako sita.


Jumapili, 15 Juni.

Baada ya sala, makumbusho. Makumbusho hayakuwemo kwenye kalenda hata mwezi mmoja. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilinyamaza muda mrefu mpaka Bridget akanishika mkono atafute mapigo ya moyo.

Kuna chumba cha mawe marefu yaliyochongwa merikebu na watu juu ya farasi. Kuna mifupa, imelala na shanga zake. Halafu kuna funguo. Kabati la kioo, ndani funguo za shaba. Shiku akasoma kwamba wanawake wa zamani, wenye nyumba zao, walizivaa kifuani ili kila mtu ajue nani anafungua na nani anafunga. Wengine walizikwa nazo.

Nimesimama pale kuliko mahali popote. Huyo mama hakupigiwa kura. Hakuna aliyenyoosha mkono. Alikufa na funguo zake, na mpaka leo hakuna aliyemnyang'anya, wamemjengea kabati.

Placida akaja akasimama karibu. Hakuwa na kiburi, na hilo ndilo lililoniudhi. Akaniuliza kwa sauti ya chini: Mama Naftali, kweli uliwahi kuja huku?

Nikamwambia, Mama Collins, unaniona niko hapa au siko?

Akasema ananiona.

Basi.


Jumatatu, 16 Juni.

Naandika niko nyumbani Kilburn, chai imepoa.

Bandari ya upande wa pili ni ndogo. Ina mlango mmoja wa kutokea. Nimeburuta sanduku langu mbele ya wenzangu, kama kiongozi, na mtu wa kwanza niliyemwona ni Naftali. Shati jeupe, maua mkononi, mkoba begani, pacha huku na huku. Alikuja kupanda meli. Alidhani leo ndiyo tunakwenda, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia, na alikuwa amekata tiketi tatu ili afuatane nami.

Hakuelewa kwa nini tunatoka badala ya kuingia. Akanikumbatia. Nikamwambia sikioni anyamaze. Naftali! Unyamazishe upepo, ila si yeye. Akasema mbele yao wote: Mama, nilitaka safari hii twende pamoja uione hatimaye. Miaka kumi na moja najilaumu. Tulikufungia na watoto miezi sita, hukuona hata bahari. Ulikuwa ukiitazama ile kalenda jikoni, ukidhani sioni.

Magurudumu ya masanduku yakasimama. Shiku alikuwa na kalamu mkononi. Akaifunika.

Nilichukua maua, kwanza. Halafu nikawageukia. Nikasema haya, mmesikia. Sikufika. Nilikuwa nafua nepi. Sasa nimefika, na nyinyi mmefika, kumi na wanne tulitoka na kumi na wanne tumerudi, hakuna aliyepotea wala kuumwa tumbo. Mwenye neno aseme.

Bridget akalia, akanifunika kwa kifua chake nikakosa hewa. Mmoja akasema mama yake alikaa Boston mwaka mzima na anachokijua cha Boston ni zulia. Pacha walikuwa wananitazama. Wamerefuka kama mahindi, wanaongea Kiswidi wao kwa wao. Nimewaogesha hao. Mmoja akaja akanishika mkono bila kuambiwa.

Kwenye ndege Placida akabadilishana kiti na Shiku ili akae na mimi. Nikajiandaa. Akaninong'oneza kitu ambacho sikukitarajia. Yale maporomoko ya maji ya Kanada anayosimulia kila Krismasi, hajayaona. Alikaa kwa mwanawe Collins miezi minane akilea. Maporomoko yalikuwa picha iliyobandikwa kwenye friji. Akasema sisi ni wamoja, tugombanie nini? Hatasimama uchaguzini. Kiti ni changu. Ila hilo la friji libaki baina yetu.

Akanishika mkono. Nikamwachia aushike. La friji nimeliweka.


Jumapili, 22 Juni.

Presha: Dinah ameniambia nisipime leo.

Shiku alinipigia jana. Kila mtu amekubali, hakuna anayeshindana nami, nitapita bila kupingwa. Bridget ameoka keki. Kilichotakiwa kwangu ni kukaa tu.

Nilikaa. Nakumbuka kabisa kwamba nilikaa.

Mchungaji akauliza nani ananipendekeza. Placida akasimama. Akasema maneno mazuri. Akasema Mama Naftali alifungiwa ndani na kazi za kulea, ila moyo wake ulikuwa unasafiri, na tumwonee huruma, tumpe tena kiti apate faraja. Wanawake wakaguna ule mguno wa msibani. Wakanitazama. Macho yote yale, yenye maji. Mtu anaweza kunitukana nikalala vizuri. Lakini huruma! Tena ya Placida, iliyokunjwa vizuri kama kitambaa cha meza!

Nikasimama. Nikasema nisihurumiwe peke yangu. Nikasema humu ndani kuna mwingine aliyeyaona maporomoko ya Kanada kwenye mlango wa friji. Mchungaji akauliza ni nani. Nikamtaja.

Nilidhani watacheka. Nilikuwa nimeacha nafasi ya kicheko. Hakikuja.

Placida akakaa. Hakulia. Akafungua mkoba, akaangalia ndani, akaufunga. Bridget, ambaye hajawahi kuniinulia sauti, akaniuliza taratibu: hilo alikuambia nani, Mama Naftali? Nikasema ameniambia mwenyewe. Akauliza alikuambia peke yako? Nikasema peke yangu. Akasema basi. Akampendekeza Placida. Placida akakataa, wakamkatalia kukataa.

Mikono kumi na miwili kwa Placida. Yeye mwenyewe hakunyoosha. Kwangu mkono mmoja, wangu, na sikuushusha hata waliponiambia wameshahesabu.

Keki ilikatwa. Placida akaniletea kipande, akakiweka mbele yangu, akaenda zake bila neno. Nilikula. Ilikuwa nzuri. Hilo hawajalisikia kutoka kwangu.


Jumatatu, 23 Juni.

Nimeamka mapema nikaandika barua. Mimi, mwenyekiti wa akina mama, kwa hiari yangu na kwa afya njema, ninajiuzulu. Nimeitia tarehe ya Ijumaa iliyopita, tarehe 20. Kwa hiyo jana hakuna aliyeniondoa. Walimchagua Placida kujaza nafasi niliyokuwa nimeshaiacha. Hata ule mkono wangu ulikuwa wa kuwaaga.

Dinah amesoma, amekaa chini. Anasema, mama, kanisa zima lilikuwepo. Nimemwambia waliona mikono, hawakuona barua. Anataka nimpigie Mama Collins nimwombe radhi. Anasema yule mama alinifungulia moyo wake. Nimemwambia mimi sikumwomba afungue. Nitafikiria. Nikishafikiria nitamjulisha.

Amekwenda kazini bila kuaga. Watoto wa siku hizi.

Saa nne Alka amegonga. Ni jirani wa ghorofa ya chini, Mhindi wa Kisumu, Kiswahili anacho safi na chumvi yake. Alikuja kurudisha sufuria. Nikamwekea chai. Akaniambia kile chama chao cha wazee wa Kilburn kinataka kwenda Norwe mwezi wa nane, kuona makanisa ya mbao na milima iliyoingia baharini, lakini wanaogopa. Hawana hata mtu mmoja anayeijua.

Nikamwambia avute kiti.

Norwe imepakana na Uswidi. Ukuta kwa ukuta. Miezi sita nimeishi pale, jirani yake kabisa. Mtu anakaa miezi sita karibu na nyumba ya mwenzake, halafu asijue kilichomo? Nikamweleza hiyo milima. Nikamweleza hayo makanisa. Alka akaacha chai, mdomo wazi. Akaniuliza kama naweza kuwaongoza.

Nimesema naweza. Ila kwanza waniambie, mwenyekiti wao wa sasa amekaa miaka mingapi.